Kutafuta Akiba za Uzeeni Zilizosahauliwa kwa Waajiri wa Zamani: Somo kwa Makatibu na Wanachama



Ukifungua daftari la wanachama la chama chochote cha msingi wilayani Kilosa, kuanzia Kimamba na Rudewa hadi Mikumi na Ruhembe, ni nadra kumkuta mkulima ambaye maisha yake yote alikuwa mkulima tu. Huyu alikata mkonge. Yule alikuwa fundi wa njia ya reli ya Kilosa hadi Kidatu. Mwingine alikata miwa Ruhembe, au alilinda ghala la pamba, au alipika katika hoteli ya Mikumi. Na vijana wa siku hizi walichimba mahandaki ya reli mpya katika milima ya Kilosa. Jembe walilirudia baadaye. Katika kazi nyingi za namna hiyo mshahara ulikatwa kila mwezi, makato yakapelekwa kwenye mfuko wa hifadhi kwa ajili ya uzee. Kisha kazi ilikwisha, mwajiri akaondoka, kadi ikaliwa na mchwa, na akiba ikabaki bila mtu wa kuidai.

Jambo hili lawahusu wanaushirika kwa kuwa katibu wa chama ndiye mtu wa kwanza anayeendewa na mzee mwenye karatasi mkononi asiyoweza kuisoma. Lawahusu pia kwa kuwa vyama vyetu vyenyewe ni waajiri. Hilo la pili ndilo zito, nasi tutalifikia. Lakini kwanza hapana budi tujue fedha hizo zilikwenda wapi.

MIFUKO NA MAJINA YAKE

Mzee akisema, "Mimi nilikatwa NPF," asijibiwe kwamba NPF imekufa. Mfuko wa Taifa wa Akiba ya Wafanyakazi, uliojulikana kwa herufi hizo NPF, ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1964. Mwaka 1997, kwa Sheria Na. 28 ya mwaka huo, ulianzishwa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, yaani NSSF, ambao uliurithi mfuko wa zamani pamoja na wanachama wake. Kwa hiyo akiba ya NPF inaulizwa NSSF, na kwetu ofisi yake ya mkoa iko Morogoro mjini.

Tangu mwaka 1978 palikuwapo pia Mfuko wa Pensheni wa Mashirika ya Umma, yaani PPF. Vilevile ilikuwapo mifuko ya watumishi wa serikali kuu na ya serikali za mitaa: PSPF, LAPF na GEPF. Mifuko hiyo minne iliunganishwa kuwa mmoja, PSSSF, kwa sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Agosti 2018. Tangu siku hiyo PSSSF ni mfuko wa watumishi wa umma, na NSSF ni mfuko wa sekta binafsi pamoja na watu waliojiajiri. Kwa mtu aliyekuwa PPF chini ya mwajiri ambaye baadaye aliuzwa kwa watu binafsi, jalada lake laweza kuwa upande wowote kati ya pande hizo mbili. Katibu aandike kote kuwili, asisubiri jibu la upande mmoja ndipo aandike upande wa pili.

Tarehe 1964 ina maana kubwa katika wilaya yetu. Wapo wazee, na zaidi watoto wa wazee, wanaodai akiba ya zama za manamba, wale vibarua walioletwa na SILABU kutoka mbali, ambao kazi yao ilihesabiwa kwa kipande cha siku thelathini. Jasho lao lilikuwa la kweli, lakini mfuko ulikuwa haujazaliwa. Mtu aliyeacha kazi kabla ya mwaka 1964 hana akiba NPF, na ni heri aambiwe hivyo mapema kuliko kupoteza nauli ya kwenda Morogoro.

MWAJIRI HUBADILI JINA

Ugumu mkubwa wa kutafuta akiba umo katika jina la mwajiri. Mzee hulikumbuka shamba kwa jina la bwana shamba wa zamani, Mgiriki au Mhindi, au kwa jina la utani ambalo vibarua walimpa meneja wao. Mfuko haujui majina hayo. Mfuko unaijua kampuni iliyoandikishwa, na namba yake ya mwajiri.

Yafaa basi kuufuata mnyororo wa urithi pete kwa pete. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 mashamba mengi ya mkonge yalichukuliwa na serikali, yakawekwa chini ya Shirika la Mkonge na baadaye Mamlaka ya Mkonge. Katika miaka ya 1990 mengi yakauzwa. Mtu aliyefanya kazi katika shamba moja, nyumba moja, kinu kimoja, aweza kuwa na waajiri watatu katika vitabu vya mfuko. Ili kujua shamba liliitwaje katika mwaka fulani, mahali pazuri pa kuuliza ni Idara ya Ardhi ya Halmashauri ya Wilaya ya Kilosa, kwa kuwa hati za mashamba zina majina ya wamiliki wake. Ni ajabu jinsi watu wachache wanavyofikiri kwenda huko: hudhani ofisi ya ardhi ni ya kugombea mipaka tu.

Kiwanda cha sukari cha Kilombero kiliuzwa kwa wawekezaji mwaka 1998, na hata sasa kinafanya kazi. Hilo ni jepesi, kwa kuwa mwajiri angali yupo na ofisi yake ya utumishi ipo. Lakini shirika la umma lililofilisiwa halina mtu wa kuulizwa mlangoni. Uuzaji na ufilisi wa mashirika ulikuwa mikononi mwa Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma. Tume hiyo ilipomaliza muda wake, kazi zilizobaki zilipewa Shirika Hodhi la Mali za Mashirika ya Umma, yaani CHC, na tangu mwaka 2014 zimo katika Ofisi ya Msajili wa Hazina. Barua ya kuulizia orodha ya watumishi wa shirika lililofilisiwa ipelekwe huko. Anayehitaji njia hii ni, kwa mfano, mtu aliyetumika katika hoteli ya Mikumi Wildlife Lodge ilipokuwa mali ya shirika la umma, endapo mifuko yote miwili itamjibu kwamba haimwoni.

Ushirika wenyewe una mnyororo wake. Mwezi Mei 1976 Vyama Vikuu vilivunjwa, na kazi ya kununua mazao ikachukuliwa na mamlaka za mazao, pamba yetu ikiwa chini ya Mamlaka ya Pamba. Sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha Vyama Vikuu. Karani aliyeajiriwa na Chama Kikuu mwaka 1970, akahamishiwa mamlaka mwaka 1976, kisha akarejea ushirika, huweza kuonekana katika mfuko kama watu watatu tofauti, kila mmoja na miaka michache. Wengi waliacha kudai kwa sababu walijibiwa juu ya kipande kimoja tu cha utumishi wao wakadhani ndicho chote.

WATU WA RELI

Nawaweka watu wa reli peke yao kwa kuwa mambo yao ni tofauti. Reli ya Kilosa hadi Mikumi na baadaye Kidatu ilijengwa wakati reli zetu zilipokuwa moja na za Kenya na Uganda. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, wafanyakazi wa shirika la reli la pamoja walibaki na madai ya pensheni na akiba dhidi ya shirika lisilokuwapo tena. Msuluhishi, Dakta Victor Umbricht kutoka Uswisi, alifanya kazi ya miaka kadhaa ya kugawa mali na madeni, na mapatano yakatiwa sahihi Arusha tarehe 14 Mei 1984. Katika mapatano hayo kila nchi ilikubali kuwalipa raia wake. Hata hivyo wastaafu wa Tanzania walisubiri miaka mingi, wakafungua shauri mahakamani mwaka 2003, na mwaka 2005 yakafikiwa makubaliano na serikali nje ya mahakama, malipo yakafuata baada ya uhakiki.

Kwa hiyo familia ya mtumishi wa reli wa kabla ya 1977 ianze kwa kujiuliza: je, marehemu alihakikiwa na kulipwa wakati ule? Mara nyingi stakabadhi ya malipo imo katika sanduku lile lile lenye cheti cha ndoa. Utumishi wa tangu 1977 katika Shirika la Reli Tanzania ni jambo jingine na unaulizwa katika mifuko ya hapa nchini. Watu huyachanganya madai haya mawili, na barua iliyoyachanganya hairejeshi jibu la maana.

NAMBA, JINA NA UMRI

Kitu kimoja chenye thamani kuliko vyote ni namba ya uanachama. Namba ni ya mtu wala si ya mwajiri. Shamba likiuzwa, namba haiuzwi. Huandikwa katika kadi ya NPF au NSSF, lakini kadi ikipotea yaweza kuonekana katika hati ya malipo ya mshahara, katika barua ya kuachishwa kazi, au katika fomu ya zamani ya madai. Jirani aliyeajiriwa siku ile ile naye asidharauliwe: namba za watu walioandikishwa pamoja mara nyingi hufuatana, na kwa kuijua yake ofisi yaweza kulipata daftari lenu.

Wapo wenye namba mbili au tatu, kwa kuwa kila mwajiri alimwandikisha mtu upya badala ya kuuliza kama anayo namba. Hao waombe namba ziunganishwe, na waombe jambo hilo kabla ya kudai malipo.

Kisha kuna majina. Mtu aliingia kambini kwa jina la utotoni, akabatizwa au akasilimu, akaandikwa na karani asiyejua matamshi ya Kikaguru au Kisagara, na leo kitambulisho chake cha taifa kina jina la nne. Tiba yake ni hati ya kiapo mbele ya hakimu au wakili, inayotaja majina yote na kusema ni ya mtu mmoja. Katibu asiandike barua ya kuthibitisha jina asilolijua kwa sababu tu mwenye jina ni mwanachama mzuri. Muhuri wa chama ukishasema uongo mara moja, hata barua za kweli hazitapokelewa.

Umri nao huleta ubishi. Miaka 55 ni ya kustaafu kwa hiari na 60 ni kwa lazima, na mtu ambaye kadi ya kazi inamwonyesha ni mdogo kuliko kitambulisho chake ataulizwa maswali. Ajibu ukweli.

Mwenye akiba akiwa amefariki, mdai ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na kwa watu wetu hiyo ni Mahakama ya Mwanzo. Huhitajiwa muhtasari wa kikao cha ukoo na cheti cha kifo kutoka RITA. Nimeona wajane wakikaa miaka kwa sababu kikao cha ukoo kilimteua kaka wa marehemu, naye hana haraka. Sheria haimkatazi mjane kuteuliwa. Katibu anayeombwa kuandika muhtasari wa kikao hicho ana nafasi ya kulisema hilo kwa adabu kabla wazee hawajafunga maneno.

JE, INAFAA KUHANGAIKA?

Tuseme kweli. Shilingi ya mwaka 1980, wakati dola moja ya Marekani ilikuwa kama shilingi 8, si shilingi ya leo, ambapo dola hupita shilingi 2,000. Makato ya mkata mkonge aliyeacha kazi mwaka 1979, hata yakiongezewa faida, yaweza yasilipie nauli za kuyafuatilia. Mtu wa namna hiyo aandikiwe barua moja, na chama kikusanye barua za wengi zipelekwe na mjumbe mmoja siku anapokwenda Morogoro kwa shughuli nyingine. Asiuze mbuzi kwa ajili ya safari. Wala asimpe mtu wa mjini sehemu ya mafao kwa ahadi ya "kumsukumia faili". Kudai mafao hakulipiwi ada, na anayedai ada ni kishoka.

Wanaostahili kuhangaikiwa kwa nguvu zote ni waliofanya kazi katika miaka ya 1990 na kuendelea, kwa sababu ya miezi 180. Mwanachama wa NSSF aliyefikia umri wa kustaafu na kuchangia angalau miezi 180, yaani miaka 15, hupata pensheni ya kila mwezi maisha yake yote. Aliyepungukiwa hupewa mkupuo mara moja, na yamekwisha. Miezi hiyo si lazima ifuatane, wala si lazima iwe kwa mwajiri mmoja.

Tumchukue mwanachama tumwite Fulani wa Ruhembe. Alifanya kazi kiwandani miaka 9, yaani miezi 108. Akakaa shambani kwake, kisha akaajiriwa na chama cha msingi kuwa mtunza ghala kwa miaka 7, yaani miezi 84. Jumla ni miezi 192. Fulani akiikumbuka kazi ya pili peke yake, atadai kwa miezi 84 na kupewa mkupuo mdogo, na kwa sahihi yake mwenyewe atakuwa ameiacha pensheni. Akiikumbuka na ile ya kwanza, ana pensheni. Hii ndiyo faida ya kutafuta akiba iliyosahauliwa, hata kama yenyewe yaonekana ndogo.

Sharti moja: miezi ile ya kwanza iwe haijachukuliwa. Zamani watu wengi walijitoa mfukoni mara walipoacha kazi, wakalipwa, na fedha ile ikajenga nyumba au ikaoa mke. Baada ya miaka ishirini mtu husahau kwa dhati kabisa. Aulizwe kwa upole, na jibu la ofisi likija likisema alilipwa, aonyeshwe tarehe, asibishiwe mbele ya watu.

Wenzetu wa nchi nyingine wana matatizo haya haya. Uingereza serikali ina huduma ya bure ya kumwonyesha mtu anwani ya mfuko wa mwajiri wake wa zamani. Kenya, kwa sheria ya mwaka 2011, ina mamlaka ya kutunza mali za fedha zisizodaiwa mpaka mwenyewe ajitokeze. Kwetu anayeujua mnyororo wa waajiri wa mahali ni mtu wa mahali hapo, na kijijini mwenye daftari, kalamu na muhuri ni katibu wa chama.

BARUA

Barua ya kuulizia iwe fupi, kwa mfano hivi:

"Mimi (majina yote niliyopata kuyatumia), mwenye kitambulisho cha taifa namba (…), nilifanya kazi katika (jina la mwajiri kama lilivyoandikishwa, na jina lililojulikana na wenyeji), mahali paitwapo (…), tangu mwezi (…) mwaka (…) hadi mwezi (…) mwaka (…), kazi ya (…). Namba yangu ya uanachama ni (…), au: kadi yangu imepotea, ila niliandikishwa pamoja na (…). Naomba taarifa ya michango yangu ya kila mwezi, na kujulishwa kama nina namba zaidi ya moja."

Aombe taarifa ya michango kwanza. Madai ya malipo yafuate baadaye, akiisha kuona miezi aliyo nayo. Nakala ibaki chamani, na siku ya kuipeleka ipigwe muhuri wa kupokelewa. Vijana waliofanya kazi kwa mikataba ya miezi michache katika ujenzi wa reli mpya nao wachukue taarifa zao sasa, wakati wakuu wao wa kazi wangali wanapatikana kwa simu.

CHAMA KAMA MWAJIRI

Turudi kwa Fulani. Ofisi imemletea taarifa. Miezi ya kiwandani, 108, imo yote. Miezi ya chama ilipaswa kuwa 84, lakini imo 64. Jumla ni 172. Amepungukiwa miezi 8, na pensheni hakuna.

Miezi 20 imekwenda wapi? Sisi wakaguzi tunaijua. Katika vitabu vya baadhi ya vyama nilivyovikagua, orodha ya mishahara ina safu ya makato ya hifadhi, iliyojazwa vizuri kwa wino wa buluu kila mwezi. Lakini katika faili la stakabadhi hakuna stakabadhi ya mfuko. Msimu ulikuwa mbaya, kamati ikasema fedha itumike kulipia magunia, "tutapeleka tukiuza". Mazao yakauzwa, kamati ikabadilika, mtunza ghala hakuuliza kwa kuwa karatasi yake ya mshahara ilionyesha amekatwa.

Hakuna bajeti ya magunia inayohalalisha jambo hilo. Fedha iliyokatwa katika mshahara si ya chama hata kwa siku moja. Mchango wote wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na sehemu ya mfanyakazi haipaswi kuzidi asilimia 10. Unapaswa kufika mfukoni ndani ya mwezi unaofuata. Kuchelewesha huleta tozo ya adhabu, na kutopeleka ni kosa kisheria ambalo viongozi waweza kushtakiwa kwalo. Kadiri deni linavyokaa ndivyo linavyokua, na watakaolilipa ni wanachama waliopo leo, kutoka katika mazao yao, kwa kosa la kamati ambayo huenda imekwishaondoka.

Basi kila katibu, kabla ya ukaguzi ujao, achukue orodha za mishahara na faili la stakabadhi za mfuko, aviweke mezani pamoja. Aanze na mwezi wa karibuni, arudi nyuma mwaka kwa mwaka mpaka mwaka chama kilipoajiri mtu wa kwanza. Kila mwezi wenye makato usio na stakabadhi uandikwe katika karatasi ya peke yake, na jina la mfanyakazi, hata kama alikwisha kuondoka au kufariki. Karatasi hiyo isomwe kwenye kamati na iingizwe katika muhtasari. Kisha chama kiende ofisi ya NSSF chenyewe, kikiwa na hesabu zake, kuomba mpango wa kulipa deni kwa awamu. Chama kinachokwenda chenyewe husikilizwa vizuri kuliko kile kinachofuatwa.

Wafanyakazi wa sasa nao wapewe nafasi ya kuona taarifa za michango yao kila mwaka, siku chache kabla ya Mkutano Mkuu. Mlinzi wa ghala akisimama katika mkutano na kuuliza mwezi wa Machi uko wapi, Mwenyekiti asimwambie akae. Katibu afungue faili amwonyeshe stakabadhi.